Moyo Mzima Hupitishaje Damu? Tujifunze Kuielewa Karatasi ya Eko

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumza juu ya kipimo ambacho wengi wetu tumeanza kukisikia: kupimwa moyo kwa ultrasaundi, ambacho hospitalini hukiita kwa kifupi eko. Zamani mtu wa Nachingwea au Ruangwa aliyeambiwa kuwa moyo wake una shida alirudi nyumbani na neno hilo tu. Siku hizi anarudi na karatasi yenye tarakimu na maneno ya kigeni, na mara nyingi hakuna wa kumfafanulia. Karatasi isiyoeleweka huleta hofu, au huleta matumaini ya bure. Yote mawili yanaweza kudhuru.

Tuwafikirie watu wawili wa mfano. Wa kwanza ni mama wa makamo wa upande wa Ruangwa. Alipimwa kwa sababu moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Karatasi yake inasema kwamba vali moja inavuja kidogo sana, na mengine yote ni ya kawaida. Yeye ameshika neno "inavuja" peke yake. Ameacha jembe, shamba la ufuta limeota majani, na watoto wameambiwa wasimwudhi mama kwa kuwa moyo wake umetoboka. Wa pili ni mzee wa upande wa Nachingwea, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi. Karatasi yake inasema moyo unasukuma damu vizuri. Amefurahi sana, na tangu siku ile ameacha vidonge vya presha.

Wote wawili wameielewa vibaya karatasi yao. Ili tuone wamekosea wapi, yatupasa kwanza kujua damu hupitaje katika moyo wa mtu mzima mwenye afya. Mwisho wa somo tutawarudia.

1. NYUMBA YA VYUMBA VINNE

Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, na viwili vya chini vinavyoisukuma. Katikati kuna ukuta unaotenga upande wa kulia na wa kushoto. Kuna pia milango minne iitwayo vali. Kila vali hufunguka upande mmoja tu, ili damu iende mbele isirudi nyuma.

Tuifuate safari yenyewe. Damu iliyotumika mwilini huingia chumba cha juu cha kulia. Hupita mlango wa kwanza, vali ya trikaspidi, na kushuka chumba cha chini cha kulia. Hapo husukumwa kupitia vali ya pili, ya palmonari, hadi kwenye mapafu, ambako huacha hewa chafu na kupokea oksijeni. Kisha hurudi katika chumba cha juu cha kushoto, hupita vali ya mitrali, na kuingia chumba cha chini cha kushoto, ambacho ndicho chenye misuli minene kuliko vyote. Mwishowe hupita vali ya aota na kusambaa mwili mzima.

Mtu mzima akiwa ametulia, kila pigo husukuma damu kiasi cha mililita 70 hivi. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, hizo ni karibu lita 5 kwa dakika moja. Kwa siku nzima ni lita 7,000 hivi, yaani ndoo 350 za lita 20. Mama anayechota maji kisimani anajua ndoo 350 ni kazi gani. Moyo huifanya kila siku, nasi tumelala.

2. SAUTI ISIYOSIKIKA

Eko haitumii mionzi kama picha ya eksirei. Inatumia sauti. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine ya moyo hutoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde, ndiyo maana hatuisikii. Sauti hiyo huingia kifuani, hugonga kuta za moyo, na sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda ambao mwangwi umechukua, na kwa kuwa sauti husafiri mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, inajua ukuta uko umbali gani, kisha huchora picha.

Wa kwanza kufanya hivyo kwa moyo walikuwa daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz wa mji wa Lund, nchini Sweden, mwaka 1953. Walianza na mashine ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma, iliyotoka katika kiwanda cha kutengeneza meli. Chombo cha kukagulia chuma kikawa chombo cha kuokoa watu.

Lakini picha ya kuta haitoshi. Tunataka kujua pia damu inakwenda wapi na kwa kasi gani. Hapa msaada ulitoka kwa mwanasayansi wa Austria, Christian Doppler, aliyeeleza jambo hili mwaka 1842. Simama kando ya barabara wakati lori lililojaa korosho linapita huku likipiga honi. Linapokukaribia, honi husikika nyembamba na kali. Likishakupita, sauti huwa nzito. Honi ni ileile na dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mwanzo lilikuwa linakuja, sasa linakwenda. Chembe za damu hufanya vivyo hivyo: zikielekea kwenye kifaa, mwangwi wake hurudi na mitetemo mingi zaidi, zikiondoka, mitetemo hupungua. Kwa kuhesabu tofauti hiyo mashine hujua mwendo wa damu.

3. NYEKUNDU NA BULUU

Wengi huogopa wakiona rangi kwenye kioo cha mashine. Husema, "Nimeona damu yangu ya buluu, kumbe imeharibika." Si hivyo. Kwa kawaida mashine hupaka rangi nyekundu damu inayokuja upande wa kifaa, na buluu damu inayokwenda mbali nacho. Ni alama ya kuelekea wapi tu. Haisemi kama damu ni safi au chafu, wala kama ina oksijeni au haina. Damu ileile huonekana nyekundu ikiingia chumba cha chini cha kushoto, na buluu inapotoka kuelekea aota.

Damu ikienda kwa kasi kubwa au kwa vurugu, rangi huchanganyika kama kitenge cha rangi nyingi. Hiyo humfanya mpimaji aangalie kwa makini zaidi. Hata hivyo hahukumu kwa rangi peke yake, maana rangi zinaweza kuchanganyika pia kutokana na namna mashine ilivyowekwa.

4. MWENDO WA KAWAIDA

Katika moyo mzima damu hupita kama maji ya mto uliotulia, chembe zote zikielekea upande mmoja kwa kasi zinazokaribiana. Haya ndiyo makadirio ya kasi ya juu kabisa katika kila mlango kwa mtu mzima mwenye afya aliyetulia:

- Vali ya trikaspidi: sentimita 30 hadi 70 kwa sekunde.
- Vali ya palmonari: sentimita 60 hadi 90 kwa sekunde.
- Vali ya mitrali: sentimita 60 hadi 130 kwa sekunde.
- Vali ya aota: mita 1 hadi mita 1.7 kwa sekunde.

Tuzipime tarakimu hizi kwa miguu yetu. Mita 1.4 kwa sekunde ni kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi sokoni kwa miguu. Hiyo ndiyo kasi ya damu katika vali ya aota yenye afya. Mlango huo ukikakamaa na kuwa mwembamba, damu hulazimika kupenya kwa nguvu, kama maji ya mpira unapobana mdomo wake kwa kidole. Kasi ikifika mita 4 kwa sekunde, sawa na baiskeli inayokanyagwa kwa bidii, mlango umebana vibaya sana.

Madaktari hugeuza kasi kuwa presha kwa hesabu rahisi: zidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara 4. Kasi ya mita 1.5 hutoa 9, tofauti ndogo isiyosumbua. Kasi ya mita 4 hutoa 64, kwa vipimo vilevile vya zebaki vinavyotumika kupima presha mkononi. Kasi haikuongezeka hata mara tatu, lakini mzigo wa moyo umeongezeka mara saba.

Vali ya mitrali ina jambo lake la pekee. Damu haiingii chumba cha chini cha kushoto kwa mkupuo mmoja, bali kwa miwili. Mkupuo wa kwanza huja pale chumba kinapolegea na kuivuta damu kutoka juu. Unafuata utulivu mfupi. Kisha chumba cha juu hujikunja na kusukuma damu iliyobaki: huo ni mkupuo wa pili. Kwenye karatasi, mkupuo wa kwanza huandikwa kwa herufi E na wa pili kwa herufi A. Kwa kijana, E huwa kubwa kuliko A, kwa kuwa misuli yake hulegea upesi. Kadiri miaka inavyokwenda misuli hukakamaa kidogo, E hupungua na A huongezeka, hata kwa wazee wengi wa miaka 60 au 70 A huipita E. Kwa hiyo mzee asishtuke mchoro wake ukitofautiana na wa mjukuu wake. Hali ileile kwa kijana wa miaka 25 ingemfanya daktari aulize zaidi.

Tarakimu nyingine ambayo karibu kila karatasi huwa nayo ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo kutoka chumba cha chini cha kushoto. Wengi hudhani moyo mzima husukuma asilimia 100. La. Kwa wanaume kawaida ni asilimia 52 hadi 72, na kwa wanawake 54 hadi 74. Aliyeandikiwa asilimia 60 asiseme amebakiwa na nusu ya moyo. Moyo wake unafanya kazi yake barabara.

5. JE, VALI YA MTU MZIMA HUVUJA?

Ndiyo, inaweza kuvuja kidogo, na hili ndilo huwatisha watu kuliko yote. Mashine za leo zina macho makali mno. Katika watu wengi wenye afya kabisa huonekana damu kidogo sana ikirudi nyuma, hasa kwenye vali za trikaspidi na palmonari, na mara nyingi kwenye mitrali pia. Mlango mzuri wa mbao nao hupitisha upepo kidogo pembeni, wala hatusemi nyumba haina mlango. Uvujaji huo haukui kwa sababu mtu amelima, wala hauhitaji dawa.

Tena uvujaji mdogo wa trikaspidi humsaidia daktari. Kwa kupima kasi yake anaweza kukadiria presha iliyo katika mishipa ya mapafu. Kasi ya damu hiyo inayorudi inaweza kufika mita 2 na zaidi kwa sekunde hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo mgonjwa asilinganishe tarakimu hiyo na zile za damu inayokwenda mbele. Ikizidi mita 2.8 hivi, daktari huanza kujiuliza kama presha ya mapafu imepanda.

Vali ya aota ni tofauti kidogo. Kwa kijana kwa kawaida haivuji. Ikivuja kwa kijana au mtoto, daktari hutafuta sababu.

6. MAMBO YANAYOBADILI MWENDO BILA UGONJWA WA MOYO

Damu hubadili mwendo kulingana na hali ya mwili. Mtu akivuta pumzi ndani, damu nyingi zaidi huingia upande wa kulia wa moyo, na upande wa kushoto hupungua kidogo. Akitembea haraka au akiwa na wasiwasi, kasi hupanda.

Kwa mama mjamzito damu huongezeka mwilini karibu kwa nusu, na moyo wake husukuma zaidi. Kasi katika vali zake hupanda ingawa vali ni nzima. Homa nayo huongeza kasi. Kadhalika upungufu wa damu, ambao huku kwetu huletwa mara nyingi na malaria, minyoo ya safura na lishe duni. Damu ikiwa nyepesi moyo huikimbiza zaidi, na daktari anaweza kusikia mvumo kifuani. Tiba ya mtu huyo ni kuongezwa damu yake na kutibiwa chanzo. Kwa hiyo mpimaji aambiwe kila kitu: ujauzito, homa, dawa unazomeza. Ukimficha, tarakimu zitampotosha.

7. EKO HAIONI YOTE

Eko nzuri haimaanishi kwamba hakuna hatari yoyote. Kwa kawaida haioni ndani ya mishipa midogo inayolisha misuli ya moyo yenyewe. Mtu anaweza kuwa na mishipa iliyoanza kuziba, na eko ya mapumziko isionyeshe kitu. Vilevile eko haipimi sukari wala figo. Inaeleza moyo ulivyo siku ile. Haitoi ahadi ya mwaka ujao.

8. NANI APIMWE, NA AANZE WAPI?

Si kila mtu anahitaji eko. Wanaohitaji kumwona daktari mapema ni hawa: anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo aliyoizoea, anayeshindwa kulala chali bila kuinua kichwa kwa mito, anayevimba miguu na tumbo, anayezimia akifanya kazi, mwenye presha ya muda mrefu, aliyewahi kupata kiharusi, na mama mjamzito ambaye kukosa pumzi kwake kunazidi wenzake. Tusipoteze miezi tukisema amerogwa huku miguu inazidi kuvimba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Safari huanza karibu na nyumbani: zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya ya Nachingwea au ya Ruangwa. Huko watapima presha, damu na mkojo, na kusikiliza kifua. Wakiona haja, watakuandikia barua ya rufaa. Mbele yake ziko hospitali ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, hospitali za misioni za Nyangao na Ndanda, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara, na kwa matatizo makubwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi, ulizeni kwanza kama mtaalamu wa moyo yupo siku hiyo, gharama ni kiasi gani, na kama bima yenu inalipia. Si kila mashine ya ultrasaundi ya wajawazito ina kifaa cha kupimia moyo, wala si kila mpimaji amefundishwa kazi hiyo.

Kipimo chenyewe hakiumi. Hakuna sindano, na eko ya kawaida haihitaji kufunga kula. Utalala kwa ubavu wa kushoto, utapakwa jeli kifuani, na mpimaji atasogeza kifaa polepole kwa nusu saa hivi. Akina mama waje na kanga ya kujifunika, na wana haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo.

9. WATOTO WETU

Vali nyingi zilizoharibika katika nchi zetu huanza na jambo dogo: koo la mtoto. Bakteria aina ya streptokokasi husababisha koo kuuma na homa. Koo lisipotibiwa, baadhi ya watoto hupata homa ya rumatiki, ambayo huvimbisha viungo na kuacha makovu kwenye vali. Ikijirudia, makovu huongezeka.

Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima kwa eko watoto wa miaka 5 hadi 17, wakawapata 818 wenye dalili za mwanzo kwenye vali bila wao kujijua. Nusu yao walidungwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Nusu nyingine hawakudungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliozidiwa ugonjwa kati ya waliodungwa walikuwa 3 tu, na kati ya wasiodungwa walikuwa 33. Wazazi, koo la mtoto lenye homa lipelekwe zahanati. Na mtoto aliyeandikiwa sindano za kila mwezi asikose hata moja, hata kama anacheza mpira vizuri.

10. TUWARUDIE WALE WAWILI

Sasa tunaweza kumwambia yule mama wa Ruangwa: "Mama, moyo wako haukutoboka. Uvujaji ulioandikwa ni ule wa watu wazima wenye afya. Shika jembe lako. Kama moyo bado unakwenda mbio, rudi ukapimwe wingi wa damu na mambo mengine."

Na yule mzee wa Nachingwea tumwambie kwa heshima: "Mzee, shikamoo. Moyo wako unasukuma vizuri, na yawezekana vidonge ulivyomeza miaka yote ndivyo vilivyoulinda. Ukiviacha, presha itaendelea kuusukuma ukuta wa moyo hadi unenepe na kuchoka. Rudi kliniki wiki hii hii."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Rangi nyekundu na buluu kwenye kioo cha eko zina maana gani?
2. Kwa nini mchoro wa babu hutofautiana na wa mjukuu, na wote wakawa wazima?
3. Katika jumuiya yetu, nani ameacha kazi au ameacha dawa kwa sababu ya karatasi asiyoielewa? Nani atamsindikiza hospitali aelezwe?
4. Ni mtoto gani jirani anayepaswa kudungwa sindano kila mwezi? Nani atamkumbusha mama yake siku ikifika?

Ikateni karatasi hii, iwekeni pamoja na kadi za kliniki. Na mkienda hospitali, msione haya kusema: "Daktari, naomba unifafanulie." Majibu hayo ni haki yenu.